Diski ya Seva Inapoharibika Usiku: Namna Skripti Zinavyolinda Huduma kwa Wananchi

Huduma nyingi ambazo zamani mwananchi alizifuata kwa miguu hadi dirisha la ofisi sasa anazipata kupitia simu au kompyuta. Maombi ya cheti cha kuzaliwa, leseni ya biashara, namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na maombi ya ajira yote hupitia katika mifumo ya TEHAMA. Nyuma ya kila mfumo kuna seva, yaani kompyuta yenye uwezo mkubwa inayohudumia watumiaji wengi kwa wakati mmoja, na ndani ya seva kuna diski zinazotunza kumbukumbu zote. Diski hizo huchakaa na huharibika. Jambo la msingi ni kufahamu nini hufanyika katika dakika za mwanzo baada ya diski moja kuharibika, na nani huchukua hatua iwapo tukio hilo limetokea saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili.

Katika vituo vya data vinavyosimamiwa vizuri, hatua za mwanzo hazimsubiri mtu kuamka. Seva yenyewe hutambua hitilafu, huitenga diski yenye tatizo, huanza kutumia diski ya akiba na kumpelekea mtaalamu taarifa kamili. Kazi hiyo hufanywa na skripti zilizoandaliwa mapema. Makala haya yanaeleza namna utaratibu huo unavyofanya kazi, faida yake, na mipaka ambayo ni lazima iwekwe ili mashine isiharibu kile ilichokusudiwa kukilinda.

Diski huharibika kwa kiwango gani

Diski ya kawaida ya kuzunguka ina sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, huku vichwa vya kusomea vikipita juu yake kwa umbali mdogo mno usioonekana kwa macho. Joto, vumbi, mtikisiko, kukatika kwa umeme mara kwa mara na umri vyote huchangia kuichosha. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka nazo zina ukomo, kwa kuwa chembe zake za kuhifadhia data huchoka kadiri zinavyoandikwa na kufutwa.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini katika vituo mbalimbali. Waligundua kwamba kiwango cha diski zilizobadilishwa kwa mwaka kilizidi asilimia 1, mara nyingi kikiwa kati ya asilimia 2 na 4, na katika baadhi ya mifumo kilifika asilimia 13. Viwango hivyo vilikuwa juu kuliko vile vilivyotarajiwa kutokana na maelezo ya watengenezaji.

Kwa hesabu ya kawaida, kituo chenye diski 500 kikiwa na kiwango cha asilimia 2 kitalazimika kubadilisha diski 10 kila mwaka, takribani moja katika kila wiki tano. Kwa hiyo, kuharibika kwa diski ni jambo la kupangiwa ratiba na bajeti kama ilivyo kwa matairi ya gari la ofisi. Halihesabiwi kuwa ajali.

Kuna hesabu nyingine inayogusa utumishi wa umma moja kwa moja. Saa za kazi Serikalini ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, sawa na saa 40 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Diski haichagui saa ya kuharibika, hivyo takribani matukio matatu kati ya kila manne yatatokea wakati ofisi zimefungwa. Taasisi inayotegemea macho ya mtumishi pekee hubaki bila ulinzi kwa zaidi ya robo tatu ya muda wote.

Safu ya diski na hatari ya ukimya

Kinga ya kwanza dhidi ya tatizo hili ni kuzipanga diski kadhaa zifanye kazi kama moja, kwa namna ambayo moja ikifa nyingine zinaendelea. Mpangilio huo unajulikana duniani kwa jina la RAID, na ulielezwa rasmi mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Njia rahisi ya mpangilio huo ni kuandika data ileile katika diski mbili. Njia nyingine ni kuzigawa data katika diski kadhaa pamoja na hesabu ya ziada, ambayo huwezesha kukokotoa upya kilichokuwa katika diski iliyokufa kwa kutumia zilizobaki.

Uzuri wa mpangilio huo ndio unaozaa hatari yake. Diski moja inapokufa, huduma haikatiki. Mwananchi anaendelea kuwasilisha maombi yake na mtumishi anaendelea kuyashughulikia, na hakuna anayelalamika. Hata hivyo, kuanzia dakika hiyo safu imepoteza kinga yake. Katika mipangilio inayovumilia kifo cha diski moja tu, diski ya pili ikifa kabla ya ya kwanza kubadilishwa, kumbukumbu zote zilizomo zinapotea. Safu inaweza kukaa katika hali hiyo kwa wiki nzima, ikionekana kuwa salama, kwa sababu tu hakuna aliyeingia katika chumba cha seva na kuona taa nyekundu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika seva ufa huo hauonekani kwa mtu anayepita nje.

Muda wa kurejesha kinga nao ni mrefu. Diski mpya yenye ujazo wa terabaiti 8, ikijazwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde bila kukatizwa, inahitaji karibu saa 15 kukamilika. Seva ikiwa inaendelea kuhudumia wananchi wakati huohuo, muda huo huongezeka. Kila saa inayopotea kabla ya kazi ya kujaza kuanza huongeza muda ambao kumbukumbu za wananchi zinategemea bahati.

Skripti ni nini

Skripti ni faili la maandishi lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo kompyuta huzisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Inaweza kufananishwa na mwongozo wa utekelezaji ambao ofisi humpa mlinzi wa zamu: ukisikia kengele, hakiki mlango, funga njia, piga simu namba hii, andika katika daftari. Tofauti ni kwamba skripti hutekeleza maelekezo hayo kwa sekunde chache, kwa namna ileile kila mara, saa zote za usiku na mchana.

Katika seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, programu mbili zinazopatikana bila malipo hutumika sana kama macho na masikio. Ya kwanza ni smartd, ambayo kwa kawaida huikagua kila diski baada ya kila dakika 30 na kusoma takwimu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ya pili ni mdadm, inayosimamia safu za diski. Programu ya mdadm ikiachwa katika hali ya ulinzi, kila tukio linapojitokeza huiita skripti iliyotajwa katika faili la mipangilio na kuikabidhi aina ya tukio, jina la safu iliyohusika na, panapowezekana, jina la diski yenye tatizo. Kuanzia hapo skripti ndiyo inayoamua hatua inayofuata, kwa kufuata maelekezo iliyopewa na mtaalamu.

Hatua zinazofuatwa tukio linapotokea

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha. Si kila kengele inamaanisha diski imekufa. Takwimu zikionesha ongezeko la makosa ya mawasiliano kati ya diski na seva, huku sehemu ya kuhifadhia data ikiwa nzima, mara nyingi tatizo ni waya uliolegea. Zikionesha ongezeko la sehemu zilizohamishwa baada ya kuharibika, au makosa ya usomaji yasiyorekebishika, diski yenyewe ndiyo inayokufa. Skripti nzuri husoma takwimu hizo kabla ya kuchukua hatua, na huziweka katika taarifa yake ili mtaalamu azione.

Hatua ya pili ni kutambua diski kwa namba yake ya kiwandani. Majina ambayo mfumo endeshi huzipa diski yanaweza kubadilika seva inapozimwa na kuwashwa, ilhali namba ya kiwandani haibadiliki. Skripti huandika namba hiyo pamoja na nafasi ya diski ndani ya seva, na katika seva zenye uwezo huo huwasha taa ya utambulisho kwenye diski husika. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ina uzito wa pekee: fundi anayechomoa diski nzima kwa kudhani ndiyo mbovu, katika safu ambayo tayari imepoteza moja, anaweza kusimamisha huduma yote kwa mkono wake.

Hatua ya tatu ni kutenga na kujaza. Diski iliyokufa hutolewa katika safu. Iwapo kuna diski ya akiba, mfumo huanza kuijaza mara moja, na mdadm inaweza hata kuhamisha diski ya akiba kutoka safu moja kwenda nyingine zilizowekwa katika kundi moja. Pale ambapo diski bado inafanya kazi lakini imeanza kuonesha dalili mbaya, njia salama zaidi ni kunakili data zake kwenda diski ya akiba ikiwa bado ndani ya safu, na kuitoa baada ya kazi hiyo kukamilika. Kwa njia hiyo safu haipotezi kinga hata kwa saa moja.

Hatua ya nne ni kuarifu. Ujumbe hupelekwa kwa barua pepe na kwa simu ya mtaalamu wa zamu, ukieleza seva ipi, safu ipi, diski ipi, hatua zipi zimekwishachukuliwa na nini kinasubiri mkono wa mtu. Ujumbe unaosema tu kwamba kuna tatizo humlazimu mpokeaji kuanza uchunguzi upya usiku wa manane. Ujumbe kamili humwezesha kuamua kama anapaswa kufika ofisini usiku huo au kama kazi inaweza kusubiri hadi asubuhi.

Hatua ya tano ni kuhakiki na kuweka kumbukumbu. Kazi ya kujaza ikikamilika, skripti huthibitisha kwamba safu imerejea katika hali kamili, hufunga taarifa ya tukio na kuandika muda wa kila hatua. Kumbukumbu hizo baadaye humsaidia mkaguzi, afisa ununuzi anayepanga idadi ya diski za kuagiza, na kiongozi anayetaka kujua kwa nini mfumo ulipungua kasi siku fulani.

Dalili za mapema zina kikomo

Baadhi ya wasimamizi hudhani kwamba takwimu za afya zitawaonya kila mara. Utafiti wa wataalamu wa kampuni ya Google uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha diski zaidi ya 100,000, ulitoa majibu ya pande mbili. Kwa upande mmoja, diski iliyoonesha kosa la kwanza wakati wa kujikagua ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kuharibika ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Kwa upande mwingine, zaidi ya nusu ya diski zilizoharibika hazikuwa zimeonesha dalili yoyote katika vipimo vinne vilivyoaminika zaidi.

Maana yake kwa taasisi za umma ni kwamba dalili ikionekana ni lazima iheshimiwe, na isipoonekana bado haitoi uhakika. Ndiyo maana skripti huandaliwa kwa hali zote mbili: diski inayougua taratibu na diski inayokufa ghafla. Aidha, safu nzima hutakiwa kusomwa mara kwa mara kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kufichua sehemu zilizoharibika ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu. Katika mfumo wa Debian, kwa mfano, ukaguzi huo hupangwa kufanyika wenyewe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi.

Mambo ambayo skripti hairuhusiwi kufanya

Skripti zinazosimamia diski huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ndani ya seva. Amri moja iliyokosewa inaweza kufanya madhara makubwa kuliko hitilafu iliyokusudiwa kutibiwa. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuweka mipaka ina uzito sawa na kazi ya kuandika hatua zenyewe.

Mpaka wa kwanza ni idadi. Skripti inaruhusiwa kushughulikia diski moja. Ikikuta diski mbili au zaidi zimeripotiwa kufa ndani ya muda mfupi, inatakiwa kusimama na kumwita mtu. Mara nyingi chanzo huwa ni umeme, waya, kadi ya kuunganishia diski au joto la chumba, na kuzitoa diski moja baada ya nyingine ni kubomoa safu iliyokuwa inaweza kuokolewa.

Historia inaunga mkono tahadhari hiyo. Novemba 2019, kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya diski zilizouzwa pamoja na seva zake zilikuwa na kasoro katika programu iliyomo ndani ya diski, na kwamba zingeacha kufanya kazi zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8. Kampuni iliwataka wateja kuweka toleo jipya la programu hiyo kabla ya muda kufika. Diski zilizonunuliwa siku moja na kuwashwa siku moja zingekufa karibu saa moja, zikiwemo za safu moja pamoja na diski yake ya akiba. Hakuna skripti ya kubadilisha diski ambayo ingeokoa safu ya namna hiyo. Kilichohitajika ni msimamizi anayefuatilia matangazo ya mtengenezaji na orodha sahihi ya vifaa alivyonavyo.

Mpaka wa pili ni kufuta. Skripti inaweza kutenga diski, lakini haifuti kilichomo wala kuiandika upya diski ambayo namba yake ya kiwandani haimo katika orodha ya diski za akiba. Mpaka wa tatu ni marudio: hatua ileile isirudiwe bila kikomo pale inaposhindwa. Ikishindwa mara moja au mbili, skripti hukabidhi kazi kwa mtaalamu. Mpaka wa nne ni majaribio: kila badiliko hujaribiwa kwanza katika seva isiyo na kumbukumbu za wananchi, ambako diski hutolewa kwa makusudi ili kuona kama skripti inafanya kile inachodai.

Kampuni kubwa zilizotangulia katika njia hii zilianza kidogo kidogo. Mwaka 2011 Facebook ilieleza kwamba mfumo wake wa kurekebisha hitilafu za seva bila kusubiri mtu ulikuwa ukitunzwa na wahandisi wawili, huku ukifanya kazi inayolingana na ya wasimamizi 200 wa mifumo. Taasisi nyingi hazina seva nyingi kiasi hicho, lakini funzo linabaki lilelile: kazi inayojirudia ikiandikwa vizuri mara moja, wataalamu wachache hupata nafasi ya kushughulikia mambo yanayohitaji busara.

Arifa isiyomfikia mtu

Udhaifu unaosahaulika zaidi uko katika njia ya kufikisha taarifa. Anwani ya barua pepe iliyowekwa katika mipangilio inaweza kuwa ya mtumishi aliyehamishwa miaka miwili iliyopita. Ujumbe unaweza kuangukia katika folda ya barua taka. Seva inaweza kuwa imekatwa mtandao, hivyo ikashindwa kutuma chochote.

Tukio la kampuni ya GitLab la Januari 31, 2017 linafahamika kwa wataalamu wengi. Fundi aliyekuwa akirekebisha kanzidata alifuta data katika seva isiyo sahihi. Ilipotafutwa nakala rudufu ya kawaida ilionekana haipo, kwa kuwa kazi ya kuitengeneza ilikuwa ikishindwa kwa muda. Barua pepe zilizotakiwa kuwaarifu wahusika zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa upokeaji, na hakuna aliyejua. Kampuni ilieleza hadharani kwamba data za takribani saa 6 zilipotea.

Tiba yake ina sehemu mbili. Kwanza, njia ya arifa hujaribiwa kwa ratiba. Programu ya mdadm, kwa mfano, ina amri ya kutuma ujumbe wa majaribio kwa kila safu. Pili, ukimya hugeuzwa kuwa kengele. Kila siku seva hutuma taarifa fupi kwa kompyuta nyingine kwamba ni nzima, na kompyuta hiyo humwita mtaalamu pale taarifa inapokosekana. Hapo seva iliyokufa kabisa, ambayo haiwezi kujisemea, husemewa na mwenzake.

Safu haichukui nafasi ya nakala rudufu

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Safu ya diski na skripti zake hulinda huduma isikatike pale kifaa kimoja kinapokufa. Hazilindi dhidi ya mtumishi aliyefuta kumbukumbu kimakosa, mhalifu aliyezifunga kwa nywila yake, mafuriko au moto. Kosa likiandikwa katika diski moja, safu huliandika kwa uaminifu katika nyingine.

Septemba 26, 2025, moto uliozuka katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon ulisimamisha mifumo zaidi ya 600 ya umma. Hifadhi ya nyaraka iliyotumiwa na watumishi wa umma wa nchi hiyo, yenye takribani terabaiti 858, iliteketea bila kuwa na nakala rudufu nje ya kituo. Nchi hiyo ni miongoni mwa zinazosifika duniani kwa Serikali Mtandao, na bado tukio hilo lilionesha kwamba nakala iliyo chini ya paa moja na data yenyewe si nakala ya kutegemewa.

Kwa hiyo, taasisi inayojivunia skripti za diski inapaswa pia kuweza kujibu maswali mengine matatu: nakala rudufu ziko wapi, ziko mbali kiasi gani na seva, na mara ya mwisho zilijaribiwa kurejeshwa lini.

Diski iliyotolewa bado ina taarifa za mwananchi

Kazi ya kulinda haiishii pale diski mbovu inapochomolewa. Diski iliyoshindwa kufanya kazi ndani ya seva mara nyingi bado inasomeka kwa sehemu mbele ya mtu mwenye vifaa. Ndani yake yanaweza kuwemo majina, namba za utambulisho, taarifa za ardhi, afya au malipo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Diski inayorudishwa kwa muuzaji kwa ajili ya dhamana, au kutupwa pamoja na vifaa chakavu, ikiwa bado ina taarifa zinazosomeka, ni mlango ulioachwa wazi. Njia inayopendekezwa na wataalamu ni kusimba data zote tangu diski inapoanza kutumika, ili atakayeipata asisome chochote bila ufunguo. Kwa diski zisizosimbwa, taasisi huweka utaratibu wa kuziharibu mbele ya mashahidi na kuweka kumbukumbu ya namba za kiwandani. Hapa tena skripti husaidia, kwa kuwa namba ya diski iliyotolewa huwa imekwishaandikwa katika taarifa ya tukio, na mkaguzi anaweza kuuliza diski hiyo iko wapi leo.

Wajibu unabaki kwa watu

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ina jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao pamoja na kuhimiza uzingatiaji wa sera, sheria, kanuni, viwango na miongozo katika taasisi za umma. Ndani ya taasisi, wajibu wa kila siku uko kwa maafisa TEHAMA na viongozi wanaoidhinisha bajeti zao. Skripti haiwezi kununua diski ya akiba. Ikiwa sanduku la akiba ni tupu, skripti bora kuliko zote itabaki kutuma ujumbe ule ule hadi diski ya pili itakapokufa.

Vilevile, skripti inayofahamika kwa mtu mmoja tu ni hatari mpya. Akihamishwa au kustaafu, wanaobaki hukuta mashine inayofanya maamuzi ambayo hawayaelewi. Ni lazima iandikwe kwa uwazi, ihifadhiwe pamoja na historia ya mabadiliko yake, na isomwe na angalau mtaalamu mwingine mmoja kabla ya kuanza kutumika.

Kwa mwananchi, sehemu kubwa ya kazi hii haitaonekana. Huenda atakachokiona ni tangazo kwamba mfumo fulani utapungua kasi au hautapatikana kwa saa chache usiku kwa ajili ya matengenezo. Tangazo kama hilo, likitolewa mapema na kueleza muda wa kuanza na kumaliza, mara nyingi ni ishara kwamba hitilafu imegunduliwa ikiwa bado ndogo, kumbukumbu ziko salama na wataalamu wamechagua saa isiyo na watumiaji wengi. Inashauriwa mwananchi mwenye ombi lenye tarehe ya mwisho asisubiri saa za mwisho, na kila anapokamilisha muamala atunze namba ya kumbukumbu aliyopewa. Namba hiyo humwezesha mtumishi kuthibitisha kwamba ombi lilipokelewa, hata kama diski iliyolipokea imekwishatolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine.